Chui Wangu wa Magamba

Jumatatu, 16 Juni
Baridi kali, ukungu mpaka mlangoni. Habari kubwa! Mama Loveness wa nyumba ya wageni anatafuta kiongozi mmoja wa kudumu kwa familia zinazopanda milimani na watoto. Watoto wenyewe ndio wataamua. Tumebaki wawili: mimi, Jafari, miaka kumi na moja msituni, na Klara, mwalimu mstaafu wa chekechea mwenye goti bovu. Goti bovu! Nimelala nikicheka.

Jumanne, 17 Juni
Nimemchungulia Klara akiwa kazini. Aibu tupu. Asubuhi nzima hawakufika hata nusu ya njia! Watoto wanajenga bwawa la mawe kijitoni, wanakula matunda damu, wanamkodolea macho kinyonga. Nimemwuliza kama huko ndiko kuongoza. Akasema hawa wana miguu mifupi, na kilele hakihami. Nimemsikitikia.

Jumatano, 18 Juni
Zamu yangu. Familia ya watu watano kutoka Tanga. Mwendo wa kijeshi, huku nikitaja miti yote themanini na miwili kwa majina. Kwenye mti wa nne alilia mtoto mdogo. Kwenye wa tisa, baba yake. Kileleni ukungu, hatukuona hata viatu vyetu. Mama Loveness amenipa nafasi moja ya mwisho, Ijumaa. Nimeng'amua: watoto wanataka msisimko. Msisimko!

Alhamisi, 19 Juni
Nimechonga kiazi mviringo kikubwa kikawa wayo wa chui. Kazi safi. Jioni nimegonga nyayo matopeni kuanzia darajani hadi shamba la kabichi la Mzee Idrisa, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Nimerudi nikinguruma, mazoezi tu. Mke wangu Mwajuma ameuliza kama kifua kinanibana.

Ijumaa, 20 Juni
Balaa. Mzee Idrisa aliamka kabla ya wageni wangu. Darajani tumekuta watu arobaini, mapanga, mbwa, na mtu mwenye vuvuzela. Nikatoa shikamoo kwa sauti nyembamba. Mzee akaitikia marahaba, akamshukuru Mungu kwa kumletea mjuzi wa msitu, akaniamuru nitangulie. Nimetangulia! Nimefuata kiazi changu mwenyewe kwa mwendo wa nusu saa, na nimeogopa kwelikweli. Mpaka Glory, mtoto wa mgeni, miaka sita, alipochuchumaa.

"Anko, mbona huyu chui ana mguu mmoja?"

Watu arobaini wakainama. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikakimbia, nikateleza, nikabiringika mpaka katikati ya kabichi. Watoto wamecheka hadi wakakaa chini. Nimekiri. Napanda upya miche yote niliyoilalia.

Jumamosi, 21 Juni
Mgongo unauma. Klara amekuja na chai ya tangawizi. Kazi amepewa yeye. Ila Glory anamwambia kila mtu kwamba hajawahi kufurahi kama jana, kwa hiyo Klara ananitaka niwe msaidizi wake. Ameeleza kwa upole: watoto wasimame wanapotaka, wale, wachezee maji, basi. Karibu nilie. Nimeahidi sitamtisha mtu tena.

Alipoondoka nimetafakari kwa makini. Klara hakuelewa tatizo. Tatizo lilikuwa miguu. Miguu minne ni mingi, lazima mtu asahau mitatu.

Nimechukua bomba kuukuu la kumwagilia na kopo la rangi nyeusi. Nyoka hana hata mmoja!