Kura za Kichwa cha Bwana Harusi

Ndugu Afisa wa Elimu ya Uraia,

Natumaini u mzima na ndevu zimeanza kurudi. Mimi ni yule kinyozi aliyekunyoa juzi, nyuma ya duka la dawa. Ukiwa kitini, uliwahutubia wateja wangu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Ukasema wananchi washirikishwe katika kila uamuzi unaowagusa. Wakakupigia makofi. Ukaaga ukaenda zako, mimi ukaniachia benchi.

Kwa unyenyekevu mkubwa, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kushirikishwa. Hujafika hata kwenye kona, akaketi kijana anayeoa kesho yake, akaomba apunguzwe kidogo pembeni. Fundi viatu akasimama. "Kinyozi, weka mashine chini. Sisi ndio tutakaomtazama ukumbini. Uamuzi huu unatugusa!" Wakapiga kura. Kipara kikashinda, wanne kwa mmoja. Bwana harusi hakuhesabiwa, kwani mikono yake ilikuwa chini ya shuka na hakuna aliyeiona ikinyanyuka.

2. Haki za wachache. Yule mmoja aliyeshindwa, muuza nyama, akadai naye alindwe. Ikabidi niache kishungi juu ya sikio la kushoto, ukubwa wake sawa na kura moja.

3. Uhuru wa kujieleza. Dereva wa lori alijieleza mpaka povu likamkaukia kijana wa watu shingoni.

4. Uwazi. Waling'oa pazia la mlangoni ili umma ushuhudie. Umma ukaja, na bibi harusi akiwemo. Akakitazama kichwa, akalitazama benchi, akauliza, "Kesho kichwa hiki kitalala kwenye mto wa nani?" Fundi viatu akajifunika uso kwa gazeti. "Basi mpiga kura ni mmoja." Akaninyang'anya mashine, akakimaliza kishungi kwa mkono wake, akamshika mchumba wake wakaondoka wanacheka. Benchi likalia kwamba huo ni udikteta. Mimi nilimshangilia kimoyomoyo.

Kwa hiyo naomba saluni yangu itangazwe rasmi kuwa nje ya demokrasia, kuanzia kizingitini hadi kwenye kioo. Humo ndani mwenye kichwa aseme, mwenye mashine atende, wengine wasome magazeti ya zamani kama walivyozoea.

Nisalimie wote hapo ofisini, mlinzi wa getini, na shemeji yangu nyumbani, ambaye najua hakushirikishwa kuhusu zile ndevu.

Wako katika kulijenga taifa, kichwa kimoja kimoja,
Kinyozi.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, benchi limekutana tena na kunichagua mimi kuwa mwenyekiti wake, kwa kura zote, miaka mitano. Tafadhali yapuuze yote ya hapo juu. Demokrasia ni kitu kizuri sana, sijui nani alikuwa anailalamikia. Ila fundi viatu ameshaanza kuulizia uchaguzi ujao, na hata kiti sijakikalia vizuri. Njoo upesi uwape lile somo jingine, la amani na utulivu.