Kwenda Japani kwa Kupitia Takaungu

Jumapili, 6 Julai

Joto limeshatushinda. Hapa Al Baraha, Dubai, bomba la maji baridi linatoa maji ya kuivisha yai. Nimemwogesha Sumeiya kwa ndoo niliyoitia barafu. Akalia. Nikamwambia alie huku anasugua miguu.

Kaka Adib alipiga simu kutoka kwetu Takaungu, upande wa Mombasa. Mabati yanafika mwisho wa mwezi, makuti ya nyumba ya mama yanashushwa. Nikamwomba asubiri Disemba. Mume wangu Famau atakuwa na likizo, twende sote, mwanangu alale chini ya makuti walau siku moja. Ana miaka mitatu na hajui dari nyingine ila zege. Adib akaniuliza: masika mama alipolala na beseni kifuani, maji yakimdondokea, mimi nilikuwa wapi?

Nilikuwa hapa.

Jumatatu, 7 Julai

Nimepata njia! Ofisi moja ya safari kule Bur Dubai, juu ya duka la vitambaa, ina shindano. Uandike barua ueleze kwa nini unataka kuiona Japani ya mashambani. Zawadi tiketi mbili. Safari wiki ijayo!

Akili yangu: nishinde, kisha niwaombe wanibadilishie. Ndege ni ndege. Wanipeleke Mombasa na mwanangu kabla makuti hayajashushwa, Japani niwaachie wao.

Nimechukua kitabu chao cha picha. Kuna vilima vya mchanga, mahali panaitwa Tottori. Famau akacheka mpaka akakohoa. Yeye kila siku anarudi kutoka ghala la Dubai Investments Park na mchanga mpaka ndani ya soksi, na kuna watu wanapanda ndege kwenda kuuona! Kuna Beppu, maji yanatoka ardhini yakifuka moshi. Hayo tunayo bafuni. Kuna Nara, kulungu wanawainamia wageni ili wapewe biskuti.

Halafu nikafungua ukurasa wa Shirakawa. Nikakaa kitako.

Nyumba za nyasi! Nene, zimesimama kama viganja viwili vilivyoegemeana. Na wanaeleza kwamba paa likichakaa, kijiji kizima hupanda juu na kuliezeka upya. Ndivyo kwetu! Baba juu ya fito, kamba kwenye meno. Wanaume wanapokezana makuti, sisi watoto tunayaburuta kutoka uani, mama na majirani wako kwenye sufuria ya wali. Na ile harufu ya kuti jipya usiku wa kwanza. Sumeiya akaniuliza mbona nanusa kitabu.

Jumatano, 9 Julai

Barua imekwisha. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, kwa hiyo nikampa Teresiah aninyooshee. Ni mlinzi kwenye jengo la maofisi, tunatumia jiko moja naye. Kosa! Amenyoosha yangu, kisha akakaa akaandika yake. Juu ya kulungu. Nikamuuliza ana haja gani na kulungu. Akasema, "Mama Sumeiya, mwaka wa tano huu nainamia madam na sir mlangoni. Acha na mimi niinamiwe, hata kama ni na mnyama."

Nimehamisha chumvi yangu kutoka jikoni. Ajue nimekasirika.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeitwa! Tumebaki wawili, mimi na huyo wa kulungu. Nikambeba Sumeiya mgongoni kwa leso mpaka Bur Dubai.

Dada wa ofisini ni Fairuz, mtu wa Unguja, mpole. Akaniambia nisihangaike na Kiingereza, nizungumze tu. Nikazungumza. Kamba, fito, wali, harufu. Fairuz akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Akasema bibie, barua hizi zote hajaona mtu anayeipenda Shirakawa kama mimi.

Hapo ningenyamaza! Lakini niliona mambo yameiva. Nikamuuliza kama tiketi inaweza kuishia Mombasa.

Akaufunga mtandio vizuri. Akasema, "Bibie, hii ni Japani."

Teresiah ameshinda. Amerudi na boksi la biskuti, anasema za kulungu. Amempa Sumeiya tatu. Chumvi nimeirudisha jikoni.

Jumapili, 13 Julai

Khalas, Japani ije yenyewe Takaungu! Nimetumia laini ya pili ya Famau, Adib haijui. Nimemwandikia kama ofisi ya safari: wageni kutoka Japani wamesikia habari za nyumba ya mama yenu, watafika Disemba kuiona. Tafadhali muitunze.

Nimeandika "muitunze". Sasa atathubutu kugusa kuti?

Famau akaniambia mwongo hufika mbali, kurudi ndiko hawezi. Nikampa mtoto amshike.

Alhamisi, 17 Julai

Adib ametuma picha. Mabati. Mekundu. Yanang'aa mpaka simu ikapata joto.

Kumbe aliposoma habari za wageni alitoka mbio. Hawezi kuaibika mbele ya Wajapani kwa paa linalovuja! Akaharakisha mabati, akaita mtaa mzima. Wote wamekuja. Wanaume juu wanapokezana, watoto wanaburuta, wanawake kwenye sufuria. Siku moja, kazi kwisha. Ukurasa wa Shirakawa wenyewe, ila bati.

Nililia nikikunja nguo. Kisha nikaiangalia picha tena. Mama amesimama mlangoni, kavaa leso mpya. Anacheka. Kitanda chake nyuma yake ni kikavu.

Jumapili, 20 Julai

Mama amepiga mwenyewe. Sauti ya chini, Adib asimsikie akiuliza. Ati mimi ninayekaa na watu wa kila taifa, nimwambie: hao Wajapani hula nini? Anataka kuanza kujipanga mapema.

Famau akanitolea macho: sema kweli, mwanamke.

Nikavuta pumzi. Nikamwambia mama wanapenda wali wa nazi na samaki wa kupaka. Asiweke pilipili nyingi. Watakuja na mtoto wa miaka mitatu.