Kenchi za Kompyuta kwa Tembe la Restuta

Jumatatu, 17 Novemba 1997
Leo nimeshusha udongo wote wa paa la tembe letu hapa Hombolo. Miti imeoza, vumbi linamdondokea mke wangu, Restuta, kitandani, na kifua chake hakitaki vumbi. Akasema, Baba Lea, si ungengoja kenchi za paa jipya zifike kwanza? Nikamweleza taratibu. Fabian, niliyemfundisha jometri, ana kompyuta ofisini kwake Area D, mjini. Inachora kila kipande kwa ukubwa wake halisi, fundi anakata kwa kufuata karatasi. Hakuna kubahatisha. Shemeji Bartolomayo, aliyekuja kutoka Buigiri kumwona dada yake, akauliza kama hiyo kompyuta itapanda juu kupigilia misumari. Hakusoma jometri.

Alhamisi, 20 Novemba
Area D. Fabian alinipa shikamoo, akaomba vipimo vya kuta zote nne. Nilikuwa na viwili, urefu na upana. Nikamkumbusha kuwa katika mstatili kuta zinazotazamana hulingana. Akasema, sawa Mwalimu, lakini tembe nalo ni mstatili? Nikamwambia achore.

Jumamosi, 22 Novemba
Kenchi zimekatwa, zinafanana kama mapacha. Upande wa mlango zimekaa barabara. Kuelekea nyuma, hazifiki ukutani. Babu yake Restuta alijenga kwa kukadiria kwa macho, nyumba ikatanuka nyuma kama kapu. Fundi Masudi alitaka kuunga vipande. Nimekataa. Mchoro hauna kosa, kosa ni la ukuta. Tumeubomoa ili tuusogeze. Restuta, chini ya turubai, alikohoa, akageukia upande wa pili.

Jumatano, 26 Novemba
Mvua. Niliitarajia Desemba. Kuta tatu zilizobaki zimelainika kama uji, zimelala. Kenchi ziko nzima. Bartolomayo alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, akampakia dada yake. Hakunitania hata kidogo, na hilo liliniuma. Restuta aliniambia nichukue blanketi, niache michoro. Nilichukua vyote.

Jumamosi, 29 Novemba
Buigiri, kwa shemeji. Daktari wa zahanati anasema Restuta ana kichomi. Akilala pakavu atapona. Akilowa tena, yeye haahidi kitu. Juu ya kitanda chake panavuja, tone moja moja, ndani ya sufuria. Hili nalo ni tembe. Shemeji yuko shambani. Nimekwisha kufukua udongo wa paa na kupima ukuta mmoja. Wa pili utakuwa sawa na huo.