Mzee Munguti Atafutiwa Msimamizi

Sasa tumefika mahali mtu anaenda kortini kumwomba jaji amkabidhi babake mzazi. Habari hiyo ilitua kwenye kibanda cha chai cha Waruguru hapa Noonkopir kabla chai haijachemka, na base nzima, sisi wateja wa kila siku, ikageuka bunge.

"Huu ugonjwa wa kusahau umemshika Mzee Munguti vibaya," akatangaza Gitonga, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mara moja. "Juzi alivaa suti akaenda kuripoti kazi kwa kiwanda ilifungwa kitambo. Sasa Ndambuki, kijana yake anayeishi Embulbul, anataka korti imfanye msimamizi. Ashike mali yote, na ile ploti ya barabarani."

"Na Mbithe binti yake je?" Waruguru akauliza, mwiko hewani. "Huyo msichana ndiye anamuosha, anamlisha, anamtafuta akipotea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!"

"Mama, sheria haiangalii sufuria. Ndambuki ndiye kifungua mimba."

"Kifungua mimba wa kuonekana Krismasi!"

Tulicheka, lakini mimi roho iliniuma. Ndambuki akishinda, ploti itauzwa, na nyumba ya mzee iko humo ndani.

Hapo Parsaoti, maarufu kama Redio, akashuka kwa boda. Alikuwa ametoka Kajiado kusikiliza hiyo kesi.

"Sopa!" akatusalimu kwa Kimaasai.

"Ipa! Toa habari, usituzungushe!"

"Jaji alimwonyesha mzee binti yake Mbithe, akamuuliza, 'Huyu ni nani?' Mzee akasema, 'Jina limenitoka. Lakini msimcheleweshe, ndiye hunirudisha nyumbani.'"

"Woiye," Waruguru akajipangusa macho na aproni.

"Kisha akaonyeshwa Ndambuki. Mzee akasimama wima! 'Huyu namjua sana. Ni broker. Kila akija kwangu ako na mtu wa kupima ploti.'"

Base ikalipuka. Wakili wetu Gitonga alijimwagia chai kwa suruali, na bado akasimama kutetea.

"Objection! Mtu anamwita mtoto wake broker? Si hiyo ndiyo inaonyesha ni mgonjwa!"

"Hata wakili wa Ndambuki alisema hivyo hivyo," Parsaoti akajibu, akivuta kiti. "Jaji akampatia Mbithe usimamizi, kisha akamgeukia huyo wakili, akamwambia, 'Wakili, mgonjwa nimemwona. Na broker pia nimemwona.'"