Rimoti Chini ya Shuka la Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Nimefaulu! Rimoti ya nyumbani nimeifumua, nikatoa utumbo wake, nikaushonea ndani ya shati langu. Kitaa chake cha mbele kinachungulia kwenye tundu la kifungo. Nikijikuna kifua, chaneli inabadilika. Mke wangu kauliza rimoti iko wapi. Nimesingizia panya.

Sasa atanikoma shemeji, kaka yake! Pale kwa kinyozi kuna runinga ya aina moja na yetu, naye anajifanya ni yake. Mieleka asubuhi, mieleka jioni. Mimi nataka tamthilia yangu ya nesi na dereva, maana nyumbani saa hiyo watoto wana katuni zao. Lakini nitaombaje mbele ya wanaume wazima?

Jumatano, 5 Machi
Nimejikuna. Mieleka kwisha! Shemeji kafoka. Kinyozi kaizaba runinga makofi, kasema ni antena. Kila wakirudisha, najikuna. Mwishowe wamechoka, wakamwacha nesi wangu aendelee. Raha iliyoje!

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kauliza, eti kwa kuuliza tu, kama yule dereva ana mke mwingine. Kisha kajifuta macho, kasingizia poda.

Kesho ni sehemu ya mwisho. Jioni, picha ya ukoo kwa mama mkwe. Mke wangu kaniambia waziwazi nisimwaibishe safari hii. Nitanyoa.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Niko kitini, shuka shingoni, dereva anamposa nesi. Kinyozi wetu hunyoa jicho moja likiwa kwenye runinga, sote twajua. Nywele zikanidondokea kifuani. Nikasahau, nikafunua shuka, nikajikuna. Mieleka! Watu wote yowe! Kinyozi kageuka mzima mzima, mashine ikapita katikati ya kichwa changu mpaka utosini.

Nikajikuna tena kurudisha. Shemeji kaniona. Wamenipekua, wameniita majina yote. Kisha shemeji kasema kwa sauti ya chini kwamba ningeomba tu, hata yeye alikuwa akiona haya.

Nimebaki kipara. Mke wangu kanuna mpaka kwenye picha, ila mama mkwe kasema nafanana na marehemu mumewe, kanikalisha kando yake. Basi mke wangu naye kacheka. Nilifurahi jamani!

Jumapili, 9 Machi
Nimesamehewa, mradi niirudishe rimoti leo. Nimeapa.

Lakini Jumanne nampeleka mama mkwe kwa daktari wa meno. Pale wanaposubiri wagonjwa kuna runinga kama yetu, taarifa za habari tupu, na mama wa watu anaumwa. Nimeihamishia kwenye kofia. Kipara kinawasha kweli, nani atashangaa nikijikuna?