Pampu Iliyosubiri Sentensi Safi

Kwa furaha kubwa, Idara ya Usafi wa Sentensi inautangazia umma kwamba mwaka wake wa kwanza umefana. Barua mia tatu na kumi na mbili za wananchi zilifika katika ofisi yetu ya Kilifi, na zote mia tatu na kumi na mbili zikarudishwa kwa wenyewe. Nasema haya kwa mamlaka kamili. Mimi ndiye Ishaq, Afisa Mwandamizi wa Ugeuzaji wa Sentensi, na muhuri wa kurudisha barua unakaa kwangu.

Kwa asiyefahamu, Waraka Namba Moja unataka kila ombi la huduma liandikwe kwa Kiingereza na lipite kwetu kwanza. Likipatikana na kosa lolote, linahesabiwa halikupokelewa. Lisipokuwa na kosa, litatimizwa au kujibiwa kwa barua katika muda wa siku kumi na nne. Ahadi hiyo tuliitoa kwa moyo mweupe, maana hatukutarajia kuitimiza. Kuna pia vipengele vya ukurasa wa nyuma, kwamba waraka unahusu barua zote bila kujali cheo cha mwandishi, na kwamba afisa atakayerudishiwa barua mara tatu atahudhuria masomo katika shule ya mlalamikaji. Vipengele hivyo tulivinakili kutoka waraka wa idara nyingine kwa sababu vilisomeka vizuri.

Kazi haikuwa nyepesi. Bi Mahfudha wa Mnarani aliandika kuhusu jaa la taka mbele ya zahanati, ikabidi tumrudishie kwa kuwa alitushukuru mwanzoni badala ya mwishoni. Mkulima mmoja wa Tezo alisahau nukta. Watu hawajali.

Aliyetusumbua zaidi ni Mzee Nzai, mwenyekiti wa kamati ya shule moja iliyo mbele ya Vitengeni. Pampu ya kisima cha shule ilikuwa imekufa, na yeye alikuwa akiomba nyingine. Mara ya saba alipokuja alikuwa na vumbi la bodaboda mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeandika tena."

Nikaisoma. "Mzee wangu, hapa umeandika pampu bila kile kijineno cha Kiingereza kinachotangulia, "a"."

"Lakini umefahamu kuwa nataka pampu."

"Kufahamu nimefahamu tangu barua ya kwanza. Kufahamu si kazi ya idara hii."

Akatazama nyuma yangu, penye mlango wa stoo. "Na ile uliyoiwekea chupa ya chai juu yake, si pampu ile?"

"Ndiyo hiyo yenu. Ililetwa mwaka jana. Inasubiri barua."

Mzee Nzai akavua kofia, akaivaa tena. Akanieleza kwamba mjukuu wake, Mbeyu, yuko Gredi ya Sita na anapenda masomo kupita kiasi, ila kila asubuhi yeye na wasichana wenzake hupeleka mitungi silangani, bwawa la maji ya mvua, kuteka maji ya shule, na silanga liko mbali. Somo la kwanza ni Kiingereza. Mbeyu hulikosa siku zote tano. Mwaka huu ana mtihani.

"Somo la Kiingereza ni muhimu sana," nikamwambia. "Asilikose."

Kwa kuwa idara ina huruma, nilimpa nakala za kitabu chetu kipya cha kuwasaidia watoto kumudu sarufi ya Kiingereza na kugeuza sentensi. Kugeuza ni hivi: unapewa sentensi, unaambiwa uianze kwa neno jingine au uiunge na nyingine, na maana ibaki ileile. Mkurugenzi wetu, Bwana Hesbon, aliwaza mbali alipokitunga. Tukiwafundisha watoto leo, alisema, baada ya miaka ishirini tutakuwa na wananchi wanaojua kulalamika. Ishirini ilitutosha, maana yeye atakuwa amestaafu.

Mwezi uliofuata, mwaka wetu wa pili ukiwa umeanza, nilikwenda kukagua maendeleo. Mwalimu wao, Bi Idah, alinikaribisha kwa adabu zote, ila maji ya kunawa hakunipa. Nilimkuta Mbeyu akiingia na mtungi kichwani, somo la kwanza limekwisha. Akautua, akachukua daftari la mwenzake, akaanza kunakili alivyovikosa. Kanga yake ilikuwa imelowa begani.

"Kitabu kinawafaa?" nikamuuliza mwalimu.

"Kinafaa, Bwana Afisa. Lakini sentensi zake zimetuishia. Zote zinamsifu Mkurugenzi, na watoto wamemgeuza huyu bwana mpaka hajulikani mbele wala nyuma. Ninaomba ruhusa wageuze sentensi zao wenyewe."

"Ruhusa ipo. Ziwe za kweli, ziwe fupi, na maana isipotee."

Nikasaini na kugonga muhuri. Ningali naikumbuka saini ile.

Bi Idah akaandika sentensi moja ubaoni. Ninaitoa hapa kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza cha msomaji hakijafanyiwa tathmini: *Pampu yetu iko stoo ya Kilifi na sisi hatuna maji.* Kisha akawaambia wanafunzi wote arobaini na watatu kila mmoja aigeuze kwa njia yake. Mmoja akaanza kwa ingawa. Mmoja akaifanya swali. Mmoja akasimulia kama aliyeambiwa na babu. Mbeyu, aliyejifunza yote hayo kwa kunakili na kuyasema njiani huku mtungi kichwani, akaandika kwamba lau pampu isingekuwa stoo, yeye angekuwa darasani. Nilimsahihisha mwenyewe. Sikupata pa kuweka alama nyekundu, nikampongeza kwa sarufi.

Wiki ile haikwisha, Mzee Nzai akashuka kwenye bodaboda na kiroba cha unga. Hakikuwa na unga. Alizipanga bahasha arobaini na tatu juu ya meza yangu, kila moja na ombi lake, jina lake na tarehe yake.

"Safari hii sikuandika mimi," akasema.

Nilizisoma siku mbili. Mkurugenzi akaja kunisaidia, amevaa miwani mbili.

"Hii koma?"

"Iko mahali pake, bosi."

"Na hii herufi kubwa?"

"Ni jina la Kilifi."

"Hawa ni watoto wa wapi?"

"Wa mbele ya Vitengeni. Wanatumia kitabu chako."

Bwana Hesbon akakaa kitako. Angeweza kuitoa pampu siku hiyohiyo, gari lilikuwepo na dereva alikuwa akicheza bao nje. Lakini barua arobaini na tatu zikikubaliwa kwa mpigo, alisema, nidhamu ya idara itaporomoka. Akaamua kujibu. Akaandika kwa mkono wake kurasa mbili za kueleza kwa nini pampu iliyopo haiwezi kusemwa kwamba ipo.

Jibu lilirudi baada ya siku tatu. Gredi ya Sita walikuwa wamelisahihisha kwa kalamu nyekundu, makosa kumi na moja, na chini yake maandishi ya Mbeyu: *Umejitahidi. Kwa mujibu wa Waraka Namba Moja, barua hii inahesabiwa haikupokelewa. Tafadhali andika upya.*

"Wana haki hiyo?" Mkurugenzi akaniuliza.

"Bila kujali cheo cha mwandishi," nikamsomea.

Akaandika ya pili kwa sentensi fupi fupi. Ikarudi na makosa manane, na ushauri kwamba ukurasa wa kwanza na wa pili hazielewani. Siku zilikuwa zinakwenda. Ya tatu akaniachia mimi niitunge, mwenye cheti na cheo, yeye atie saini tu. Nilijifungia, nikachomoa simu, nikaandika aya moja. Ilirudi na makosa matano. Naungama kwamba niliumia. Moja ya makosa hayo ni kile kijineno kinachotangulia pampu.

Siku ya kumi na nne, saa nne asubuhi, Mkurugenzi aliingia ofisini kwangu bila kubisha. Alikuwa na rasimu ya nne mkononi, imekatwakatwa mistari mpaka haikusalia sentensi. Tulijaribu sote wawili kuandika kwa nini watoto wale hawana maji. Kila tulipoondoa makosa, kilichobaki ni kwamba pampu yao iko stoo kwetu.

"Ishaq," akasema, "toa chupa yako ya chai."

Kupeleka pampu kulichukua saa mbili na kuifunga saa tatu. Fundi alisema ingefungwa hata mwaka jana. Maji yalipotoka, wasichana waliiweka mitungi chini wakaanza kurushiana, na Mbeyu akanywa kwa viganja mara tatu akitucheka waziwazi. Mzee Nzai alisogea karibu. Alishika mpini wa pampu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mkurugenzi akatoa karatasi mfukoni apate kuhutubia.

"Hotuba imepitishwa?" Bi Idah akamuuliza.

Haikuwa imepitishwa. Akairudisha mfukoni.

Kilichobaki ni kile kipengele cha nyuma kilichosomeka vizuri. Barua zetu zilikuwa zimerudishwa mara tatu, mbili kwa mwandiko wake na moja kwa mwandiko wangu, zote kwa saini yake. Nilijaribu kueleza kwamba mimi sikutia saini. Aliyekuja kutukagua kutoka juu akaniambia nilete hoja hiyo kwa maandishi, na nikaona heri nikasome.

Basi muhula huu Mkurugenzi na mimi ni wanafunzi wa Gredi ya Sita, dawati la nyuma. Somo la kwanza ni Kiingereza. Mbeyu hajalikosa hata siku moja, na amepewa kazi ya kutusahihisha madaftari. Sisi tunatoka Kilifi na barabara mnaijua, kwa hiyo tunachelewa, na adhabu ya kuchelewa katika shule ile ni kupampu maji ya shule nzima, mitungi arobaini na mitatu.

Jana jua lilikuwa kali. Mkurugenzi alifika mtungi wa ishirini, akaegemea mpini, shati limemganda mgongoni. Mbeyu alikuwa anapita na madaftari yetu.

"Binti yangu," Mkurugenzi akamwambia, "mwambie mwalimu nimechoka. Aniachilie."

Mbeyu akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, Bwana Mkurugenzi," akasema. "Omba kwa barua."

Bwana Hesbon alimtazama, akanitazama na mimi. Kisha akasogeza mtungi wa ishirini na moja chini ya bomba.