Baiskeli Nyekundu ya Haidari

Mwaka ule mitumba ilipoanza kumwagika Kibiti, kila mtu aligeuka mfanyabiashara. Haidari hakuwa na mtaji ila mdomo, hadi dereva wa lori alipomwachia bure baiskeli nyekundu ya kizamani, yenye kilema. Mianya ya kushikia ekseli ya nyuma, kile chuma cha katikati ya gurudumu, ilikuwa mirefu, imelala. Ukipanda mlima na mzigo, cheni inavuta, ekseli inateleza mbele, tairi linabana kwenye fremu, nawe unaganda palepale.

Wengine wangeona kilema. Haidari aliona ajira.

Mshamu wa Mbwara aliichukua kwa gunia la mpunga. Siku ya tatu akairudisha begani, jasho likimtiririka.

"Pole, ndugu yangu," Haidari alisema kwa huzuni ya msibani. "Chuma cha Ulaya hiki, joto letu linakisumbua. Kwa heshima yako, naipokea."

Akamrudishia debe moja tu kutoka gunia lile lile, na Mshamu akashukuru.

Akafuata Bi Mwanamkuu, mjane muuza ndizi, aliyetoa mbuzi wawili. Haidari akakaa kumsubiri na pole zake. Wiki ikapita. Ijumaa akamwona anapanda mwinuko wa Mchukwi, mikungu miwili kwenye keria, anaimba. Roho ikamuuma: kumbe alitoa dhahabu kwa bei ya mbuzi.

"Bi Mwanamkuu, nirudishie baiskeli. Chukua mbuzi wako, na redio yangu juu."

"Unataka baiskeli tu, baba?"

"Baiskeli tu."

"Haya, kalete hao mbuzi na redio."

Haidari akaleta, akapanda kwa madaha, akakanyaga mwinuko. Hatua kumi, tairi likabana, akaangukia majani. Akarudi anaikokota, akamkuta mama anafungua pindo la kanga. Humo mlikuwa na vibolti viwili.

"Marehemu mume wangu alikuwa fundi," alisema. "Ukivifunga nyuma huku na huku, vinaizuia ekseli isisogee. Nilivifungua ulipofuata mbuzi."

"Lakini tumeshabadilishana."

"Baiskeli tu, baba. Ulisema mwenyewe."

Kwa mara ya kwanza maishani Haidari aliuliza bei ya vibolti bila kubishana.

Mama akamkagua kuanzia kofia kushuka chini, macho yakatua kwenye viatu vipya vya ngozi.

Jioni ile Haidari aliupanda mwinuko wa Mchukwi bila tairi kugusa fremu hata mara moja, akikanyaga pedali za chuma miguu peku.